Maji Yasiyochotwa

Kwenye ngazi walinitangulia baba na mtoto wake, mvulana wa miaka saba au minane. Walipofika chini mtoto alichungulia maji, akauliza ni ya nini. Baba akamweleza kwa Kijerumani kwamba zamani watu hawakuwa na bafu majumbani, basi Wayahudi wa mji huu walikuwa wakija kuoga hapa. Mtoto akaridhika. Wakapiga picha mbili tatu, wakapanda juu.

Nikabaki peke yangu ndani ya kile chumba cha mawe, mita 10 hivi chini ya mji wa Speyer, kusini-magharibi mwa Ujerumani, na jibu la yule baba halikunitoka. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Katika nyumba niliyokulia, kuoga ni jambo moja na kukoga josho ni jambo jingine, na hata mtoto aliyeanza madrasa juzi atakuambia tofauti yake. Mtu anaweza kujisugua kwa sabuni asubuhi na jioni na bado akawa hana twahara ya kusimama kuswali. Uchafu wa mwili huondolewa kwanza, josho hufuata.

Kwa hiyo nilipolitazama lile birika sikuona bafu. Nilimwona mwanamke anateremka usiku na taa mkononi, ameshaoga kwake, kucha amekata, nywele amezichana, anakwenda kufanya kitu ambacho Kiswahili cha pwani kina jina lake tayari. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za mahali hapa kila nikipata nafasi, na nimerudi mara kadhaa, kwa kuwa ninakoishi si mbali. Leo naandika.

Birika hili kwa Kiebrania linaitwa mikve. Maana yake ni mkusanyiko, yaani mkusanyiko wa maji, na neno hilohilo limo katika mistari ya mwanzo kabisa ya Taurati, pale Mungu anapoyakusanya maji mahali pamoja na kuyaita bahari. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 11, imeelezwa kwamba chemchemi au birika lililokusanya maji hubaki safi hata likiangukiwa na mzoga. Marabi, wanazuoni wa dini yao, walisimamisha sheria nyingi juu ya mstari huo. Maji ya mikve yawe yamekusanyika yenyewe: ya mvua, ya chemchemi, ya bahari, au yale yanayochimbuka ardhini. Yakishatiwa ndani ya ndoo au mtungi yakamiminwa, hayo ni maji ya kuchotwa, hayafai. Na yawe mengi kiasi cha kumfunika mtu mzima mwili wote kwa mara moja. Kiasi hicho walikiita sea 40, kipimo cha kale ambacho wanazuoni wa leo hutofautiana juu yake, toka lita mia chache hadi karibu 1000. Waliwarahisishia watu kwa kukipima pia kwa mikono: dhiraa moja kwa dhiraa moja, kina dhiraa tatu.

Wenzangu mliosoma fikihi ya Kishafii mtakuwa mmeshafika nilikofika. Kulatein! Kile kipimo cha maji ambacho mwalimu alitukaririsha, kwamba yakifikia hapo hayanajisiki kwa kuingiwa na kitu mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Sisemi kwamba sheria hizi mbili ni moja. Sisi maji ya ndoo na kata yanatosha kabisa kukogea janaba, ilhali kwao ndoo ndiyo inayoharibu kila kitu. Lakini ile namna ya kufikiri, ya kuyaangalia maji na kuuliza ni mangapi, yametoka wapi, yamepitia wapi, ilinifanya nijisikie kama nimebisha hodi kwenye nyumba ya jirani na kukuta wanaongea lugha ninayoielewa nusu.

Hata kwa kizuizi tunakutana. Pete ivuliwe, nta ibanduliwe, kisiwepo chochote baina ya ngozi na maji. Dada zangu wanaobandua rangi ya kucha kabla ya josho hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mwanamke wa Kiyahudi aliyeolewa huenda mikve baada ya hedhi kukatika na siku saba safi kupita, na huenda usiku, nyota zikishatoka. Huenda pia baada ya kujifungua. Bibi harusi huenda kabla ya ndoa yake. Anayeingia dini yao huzamishwa, mwanamume kwa mwanamke, na wanaume wengi huzama mkesha wa Yom Kippur, siku yao kuu ya kufunga na kutubu. Hata vyombo vimo: sufuria ya chuma au bilauri iliyonunuliwa kwa asiye Myahudi huzamishwa kwanza ndipo itumike. Jambo hili ni zito kwao kiasi kwamba marabi walifundisha kuwa jamii isiyo na fedha za kutosha inaweza hata kuuza gombo la Taurati ipate kujenga mikve. Bila sinagogi watu wanaweza kusali sebuleni kwa mtu. Bila mikve, mume na mke hawana njia ya kurudiana kitandani kwa halali, na jamii yenyewe inakwama.

Musa bin Maimun, tabibu na mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi aliyeishi Misri karne ya 12, alikutana na tatizo ambalo naliona kwa macho ya moyo kabisa. Wanawake wa Kiyahudi wa huko walikuwa wameacha mikve, wanajimiminia maji tu na kuona yametosha. Alitoa amri kali yeye na wenzake: mwanamke asiyezama inavyotakiwa angepoteza haki ya fedha alizoandikiwa katika hati ya ndoa. Ukali huo unanipa tabu, nasema wazi. Lakini ni mtu huyohuyo aliyeandika kwamba unajisi si tope wala taka ya kuondolewa na maji. Ni amri ya Maandiko, na inategemea nia ya moyo. Nia! Natamani yule baba wa kwenye ngazi angelisikia neno hilo moja tu.

Sasa twende Speyer kwenyewe. Mwaka 1084 askofu wa mji, Rüdiger Huzmann, aliwakaribisha Wayahudi, wengi wao wakitoka Mainz, akawapa mahali pa kukaa, akawazungushia ukuta wa kuwalinda, na kuwaandikia haki zao. Aliandika bila kuficha kwamba kuwaleta Wayahudi kungeupandisha mji wake hadhi mara elfu. Mwaka 1090 kaizari Heinrich wa Nne alizithibitisha haki hizo. Walikuwa wafanyabiashara na wanazuoni, na pamoja na ndugu zao wa Worms na Mainz waliunda kile ambacho Wayahudi wa Ulaya wanakijua hadi leo kwa jina la SchUM, herufi za mwanzo za majina ya Kiebrania ya miji hiyo mitatu.

Miaka 12 tu baada ya ule ukarimu, mwezi Mei 1096, watu waliokuwa njiani kwenda Vita vya Msalaba waliwavamia. Speyer waliuawa 11, kwa sababu askofu Johann aliwaficha wengine na kuwalinda. Worms kumbukumbu za Kiebrania zinataja wapatao 800. Mainz walikuwa wengi zaidi.

Ndipo wakajenga. Hili ndilo lililonishika. Septemba 1104, miaka minane baada ya mauaji, sinagogi ya Speyer ilizinduliwa, na mikve ikafuata ndani ya miaka ishirini hivi. Kwenye maandishi inaonekana kuanzia miaka ya 1120. Watu waliokwisha kuona jinsi jirani anavyoweza kugeuka walichimba mita 10 kwenda chini, mpaka kwenye maji ya ardhini, wakaujenga mji huu wote upya moyoni mwao. Shimo la kina hivyo halichimbwi na mtu anayefikiria kuhama mwakani.

Kina hicho kilikuwa cha lazima. Huwezi kuyaleta maji juu kwa ndoo, basi mtu ndiye anayeyafuata. Ngazi inashuka moja kwa moja chini ya dari la mawe lililojikunja kama mtumbwi uliofunikwa, halafu unafika kwenye chumba cha kupumulia. Pembeni kuna kijichumba cha kuvulia nguo. Ukutani kuna dirisha la matao mawili linalotazama kisima chenyewe, shimo la mraba lenye mwanga unaodondoka toka juu, na kutoka hapo ngazi fupi iliyopinda inakuingiza majini.

Tazama nguzo ndogo za dirisha hilo. Vichwa vyake vimechongwa majani, na uchongaji wenyewe unafanana na wa kanisa kuu la Speyer, lile jengo kubwa la kifalme lililo hatua chache kutoka hapo. Wataalamu wanaamini mafundi walikuwa walewale: kazi kubwa ya kanisa ilipomalizika mwanzoni mwa karne ya 12, mafundi wa mawe wakapata kazi kwa Wayahudi. Nimesimama mbele ya nguzo hizo nikajaribu kumfikiria fundi Mkristo aliyepiga patasi yake chini huko kwa mwanga wa taa, akichonga jani kwa uangalifu uleule aliouweka kwenye kanisa la kaizari, mahali ambapo hakuna mgeni wa heshima atakayepita. Wa kuliona jani lile walikuwa wake za watu, usiku, mmoja mmoja. Aliyetoa fedha na aliyechonga wote waliona wanastahili.

Maji yenyewe ni ya baridi. Maji ya ardhini katika nchi hii hukaa nyuzi 10 hivi mwaka mzima, kiangazi na theluji. Nilichovya mkono mara moja, nikahesabu hadi ishirini, vidole vikaanza kuuma. Sasa fikiria mwili mzima na kichwa, mwezi Januari, siku arobaini na kitu baada ya kujifungua. Vitabu vya historia vinapenda kueleza matao na tarehe. Baridi hiyo hawaigusi, na mimi nadhani bila baridi hiyo huwezi kusema umeieleza mikve.

Majina ya wanawake waliozama humu hatunayo. Worms, kilomita 40 hivi kaskazini, tunalo moja la kutusaidia. Mikve ya Worms ilijengwa mwaka 1185 au 1186, jiwe la maandishi linathibitisha, na katika miaka hiyo mjini humo aliishi mwanamke aitwaye Dolce, mke wa Rabi Eleazar. Mwaka 1196 watu wawili wenye silaha waliingia nyumbani kwake wakamuua yeye na mabinti zake wawili, Bellette wa miaka 13 na Hannah wa miaka sita. Mumewe alimwandikia utenzi wa maombolezo, na ndani yake, badala ya kumsifu kwa maneno ya jumla, anaorodhesha kazi zake. Alifanya biashara ya kukopesha fedha na kumlisha mume pamoja na wanafunzi wake. Alishona nyuzi za vitabu. Aliwafundisha wanawake sala na nyimbo. Aliwapamba mabibi harusi, akawaosha maiti na kuwashonea sanda. Mabinti nao wana beti zao.

Nilipofika kwenye mabibi harusi na maiti nilikifunga kitabu kwa muda. Sisi tunawajua wanawake hao. Kila mtaa wa pwani una somo anayemfunda mwali na mama anayeitwa kwenye msiba kuosha, na mara nyingi ni mtu mmoja. Dolce aliishi miaka kumi karibu na birika lililokuwa jipya bado, mawe yake hayajalika. Sina picha nyingine ya mtu aliyekuwa akiwashika mkono wasichana wa Worms kuteremka ngazi zile ila yeye.

Kisha ikaja tauni. Mwaka 1348 na 1349, ugonjwa ulipokuwa ukisambaa Ulaya, uvumi ulitangulia: Wayahudi wametia sumu visimani. Papa Clement wa Sita mwenyewe aliandika kukanusha, akasema Wayahudi nao wanakufa kwa tauni hiyohiyo. Hakusikilizwa na wengi. Utasikia watu wakieleza kwamba Wayahudi waliugua kidogo kwa kuwa walioga mikve, na ndiyo maana wakashukiwa. Mimi siyakubali maelezo hayo. Yanarudia kosa la yule baba, yanaigeuza twahara kuwa sabuni, tena yanaifanya chuki ionekane kama ina sababu.

Nikiwa kule chini nafikiri jambo jingine. Watu hawa walikuwa na sheria nzima ya kulinda maji ya ardhini yasiguswe hata na ndoo, na maji hayo ndiyo yaleyale yaliyokuwa yakiingia katika visima vya majirani zao. Halafu wakauawa kwa tuhuma ya kuyatia sumu. Speyer, Januari 1349, wengi walikufa ndani ya nyumba zao zikiwaka. Kumbukumbu za zama hizo zinasimulia kwamba watu wa mji, wakiogopa maiti zisichafue hewa, waliziingiza kwenye mapipa ya mvinyo na kuyasukumia mto Rhine.

Baadhi walirudi baadaye, wakafukuzwa, wakarudi, mpaka karne ya 16 jamii ikaisha kabisa. Uwanja wa sinagogi ukawa ghala la silaha la mji. Mwaka 1689 majeshi ya mfalme wa Ufaransa, Louis wa 14, yaliuchoma Speyer. Majengo yalianguka juu ya ardhi. Mikve, iliyokuwa chini, ikabaki.

Ndivyo ilivyokuwa kwa nyingi. Kule Worms birika lilifukiwa na halikufukuliwa tena hadi mwaka 1895. Köln ilifukuliwa miaka ya 1950, karibu na ukumbi wa mji. Besalú, Hispania, iligunduliwa mwaka 1964 na mtu aliyekuwa akichimba kutafuta maji, na maji aliyapata. London, mwaka 2001, wachimbaji walikuta birika dogo la mawe katika mtaa wa Milk Street, mali ya familia moja ya Kiyahudi kabla ya kufukuzwa kwa Wayahudi wote Uingereza mwaka 1290. Erfurt, mwaka 2007, ikatokea kando ya mto, nyuma ya daraja la wachuuzi, wakati wa kazi za kuutengeneza uwanja. Ilikuwa imegeuzwa ghala la chini ya nyumba. Na ipo ya Friedberg, ya mwaka 1260, ambayo ni shimo la mita 25 lenye ngazi 72 zinazozunguka kuta zake nne. Huko nimekwenda mara moja. Kutoka chini anga linaonekana kama leso iliyokunjwa.

Kwenye kuta za mabirika ya namna hii utakuta vidaka vidogo, vya kuwekea taa. Naviita vidaka kwa sababu ndivyo vilivyo, kama vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja, ila hivi havina vyungu wala sahani za kupendezea. Vina masizi, au vilikuwa nayo.

Wayahudi wa Speyer wa zama zetu walikuwa na sinagogi nyingine. Ilichomwa usiku wa tarehe 9 Novemba 1938. Tarehe 22 Oktoba 1940 Wayahudi wa jimbo hilo walipakiwa kwenye treni kupelekwa kambi ya Gurs, Ufaransa, na wengi kati yao hawakurudi. Tarehe 9 Novemba 2011, siku ileile ya kuchomwa, mji ulipata sinagogi mpya. Mwaka 2021 UNESCO iliandika Speyer, Worms na Mainz katika urithi wa dunia, na tangu hapo wageni wa mikve wameongezeka. Tiketi inakatwa kwenye jumba dogo la makumbusho hapo uwanjani.

Wanawake wanaozama leo wanazama kwingine, kwenye mabirika yenye vigae na maji yaliyopashwa moto, mvua ikikusanywa toka kwenye paa kwa mfereji unaofuata sheria ileile ya kutochota. Nilimuuliza mwanamke mmoja Myahudi niliyefahamiana naye kazini, kwa adabu, na baada ya yeye kuniuliza kwanza kuhusu josho letu. Aliniambia anakwenda kila mwezi, mama yake hakuwahi kwenda hata mara moja, bibi yake alikuwa akienda. Nikamuuliza kama ameshateremka Speyer. Akasema ndiyo, na kwamba alipofika chini alijikuta anahesabu siku zake safi.

Mara ya mwisho kwenda ilikuwa Juni, baada ya wiki mbili za mvua. Maji ya kisima yanafuata mto Rhine, mto ukipanda nayo hupanda. Ngazi ya mwisho niliyoikanyaga mara ya kwanza sikuiona tena, ilikuwa chini ya maji, safi kiasi kwamba niliweza kuona pale katikati yake jiwe lilipolika.